Leakey na makao ya tumbili wetu

Jina la Louis Seymour Bazett Leakey halisikiki sana siku hizi nje ya madarasa ya historia. Mwanafunzi wa shule ya upili hulikariri pamoja na Olduvai na Rusinga, hulimwaga katika karatasi ya mtihani, kisha hulisahau. Wenye umri mkubwa kidogo humkumbuka kama Mzungu wa Kabete aliyezungumza Kikuyu kama mzaliwa wake, na aliyeketi mahakamani Kapenguria kutafsiri katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta. Mafuvu na kesi: hayo mawili ndiyo yaliyobakia vinywani mwetu. Leo nakusudia kumzungumzia kwa jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu limesahauliwa pasipo haki, nalo ni makao ya kima, tumbili, nyani na sokwe wanaoishi mikononi mwa binadamu.

Msomaji anaweza kuuliza nimelitoa wapi jambo hili. Mimi ni mkazi wa Mwiki, huku Ruiru, ambako mashamba ya kahawa yamekatwakatwa yakawa ploti, na ploti zikaota nyumba za kupangisha zilizobanana hata mtu aweza kumpa jirani chumvi dirishani. Karibu na steji ya matatu kuna mkahawa mmoja wa nyama choma ambao sitautaja. Mlangoni pake, juu ya meza kuukuu, kuna kizimba cha waya ambacho mtu mzima aweza kukikumbatia kwa mikono yake miwili, na ndani yake yumo tumbili mmoja dume. Amewekwa hapo ili avute wateja. Wateja humrushia vipande vya chipsi na kumnywesha soda, na jioni ikikolea wapo wanaomtilia bia. Nimemtazama kwa miezi kadhaa. Huzunguka daima upande mmoja, kulia, kulia, kulia, kisha hukaa na kujinyonyoa manyoya ya mkono hadi ngozi ikabaki tupu.

Nilipomkabili mwenye mkahawa kwa upole, alinijibu kwa upole vilevile. Alisema kwamba mnyama anakula na kushiba, hanyeshewi na mvua, hawindwi na mbwa, na kwamba humu Mwiki wapo binadamu watano wanaolala chumba kimoja ambao hakuna anayewaandikia magazetini. Jawabu hilo si la kipuuzi. Mtu huyu si katili, na hata jina zuri amempa mnyama wake. Kosa lake ni moja tu: anadhani kwamba makao ni paa, chakula na usalama. Na hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu Leakey, kwa kuwa maisha yake yote ya baadaye aliyatumia kutafuta jibu la swali ambalo mwenye mkahawa hajawahi kujiuliza: je, mnyama huyu kwao huishi vipi?

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, wazazi wake wakiwa wamishenari wa Kanisa la Anglikana. Kabete, kama ijulikanavyo, imo katika kaunti hii hii yetu ya Kiambu. Alikulia miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akacheza michezo yao, akatahiriwa pamoja na rika lake, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga, na akajijengea kibanda chake mwenyewe kama kijana yeyote wa Kikuyu wa zama hizo. Wazee walimfunza kunyemelea wanyama: kukaa kimya saa nyingi, kutoleta harufu yako upande wa upepo, kumtazama mnyama hadi ujue atakalofanya kabla hajalifanya. Mafunzo hayo hayakuwa ya darasani, ila yaonekana ndiyo yaliyomkaa zaidi ya yote aliyopata baadaye ng'ambo.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako husimuliwa kwamba alikiwasilisha Kikuyu kuwa mojawapo ya lugha zake za kisasa, nao maprofesa wakatatizika kumpata wa kumtahini. Mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, Tanganyika, katika msafara wa kuchimbua mifupa ya dinosau. Kuanzia 1926 aliongoza misafara yake mwenyewe ya kuchimbua athari za kale Afrika Mashariki. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa kishindo, akamwoa Mary Nicol mwaka 1936, na kashfa hiyo ikamfungia milango ya Cambridge. Sina haja ya kuyasimulia yote hayo kwa urefu, vitabu vipo.

Hata hivyo, kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ambacho hakitajwi madarasani. Mwaka 1933 mtaalamu wa Kiingereza, Arthur Hopwood, ambaye alikuwa ameandamana na Leakey katika msafara wa 1931, alikipa jina kisukuku cha mnyama wa kale wa jamii ya sokwe kilichopatikana Koru, magharibi ya Kenya. Alikiita Proconsul. Ni kisukuku cha jamii hiyo ambacho Mary Leakey alikipatia fuvu lake kisiwani Rusinga mwaka 1948, na likaipa familia hiyo umaarufu mkubwa. Jina hilo maana yake ni aliyemtangulia Consul. Na Consul ni nani? Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho huko Ulaya, aliyevishwa suti na kofia, akafunzwa kuendesha baiskeli na kuvuta sigara mbele ya umati uliokuwa ukiangua kicheko. Basi kisukuku kilichoitangaza Kenya kote ulimwenguni kimebeba jina la mfungwa. Sijui kama Leakey alilitafakari hilo. Mimi hulitafakari kila nipitapo kwenye mkahawa ule.

Zama hizo wataalamu wengi waliamini kwamba tabia za nyani na sokwe zaweza kujifunzwa vizimbani. Mfano maarufu ni wa bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1925 walijenga mlima wa kutengenezwa na kuweka hapo nyani wa aina ya Uhabeshi wapatao mia moja, karibu wote madume. Nyani hao kwao huishi kila dume na kikundi chake kidogo cha majike, na huyalinda majike hayo kwa wivu mkali. Sasa fikiria madume mia moja waliookotwa huku na huku, wasiojuana, wamerundikwa mahali pasipo pa kukimbilia. Mwaka 1927 waliongezwa majike 30, na madume wakayagombania hadi wengi wa majike hao wakafa. Vita havikukoma kwa miaka. Mtaalamu Solly Zuckerman aliyaandika aliyoyaona, na kwa muda mrefu walimwengu wakasadiki kwamba jamii ya nyani hushikiliwa na ngono na mapigano tu. Kumbe yaliyoandikwa yalikuwa habari za gereza lililojengwa vibaya. Mtu aliyejifunza unyemeleaji huko Kabete asingeweza kuridhika na ushahidi wa namna hiyo.

Leakey aliwekwa kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ndiyo Makumbusho ya Nairobi, katika miaka ya 1940, na akayaongoza hadi 1961. Aliyafungua kwa watu wa rangi zote wakati ambapo mikahawa na hoteli nyingi za Nairobi zilikuwa zikimfukuza Mwafrika mlangoni. Hilo tumshukuru. Lakini mwandishi asiyetaka kudanganya wasomaji wake hana budi kutaja pia upande wa pili. Wakati wa Hali ya Hatari, Leakey alikuwa upande wa serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu viwili dhidi ya Mau Mau, na huko Kapenguria alilazimika kujiondoa baada ya upande wa washtakiwa kumlaumu kwa upendeleo katika tafsiri yake. Katika miaka ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya na Kiambu walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Wapo wazee huku kwetu ambao mpaka leo hawataki kusikia jina la Leakey kwa sababu ya miaka hiyo, na mimi siwalaumu. Simsifu mtu huyu kuwa mtakatifu. Namtumia kwa kile alichokijua.

Na alichokijua ni hiki, kwamba mifupa haisemi tabia. Ukitaka kujua babu zetu wa kale waliishi vipi, huna budi kuwatazama jamaa zao walio hai, tena huko huko waliko. Mwaka 1956 alimsaidia Rosalie Osborn kwenda Uganda kuwatazama gorila katika milima ya volkano ya Kisoro. Mwaka 1957 alikuja Nairobi msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, ambaye hakuwa na shahada yoyote, akaajiriwa na Leakey kuwa karani wake. Mwaka 1960 Leakey alimjaribu kwanza kwa kumpeleka kisiwani Lolui, katika Ziwa Viktoria, awatazame tumbili. Naam, tumbili hawa hawa wetu. Alipofaulu, akampeleka Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai mwaka huo huo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshaona sokwe wakichuma vijiti, wakivitengeneza, na kuvitumia kuvulia mchwa kichuguuni. Baadaye Leakey alimtuma Dian Fossey kwa gorila wa Kongo na Rwanda mwaka 1967, na Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo mwaka 1971. Watatu hao ndio waliojulikana duniani kote, lakini nadra kutajwa kwamba mtumaji alikuwa mtu wa Kiambu.

Sasa nifike Tigoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na mtaalamu Cynthia Booth, Leakey alianzisha kituo cha kutunza na kuchunguza kima na jamaa zao katika shamba la mama huyo huko Tigoni, Limuru. Ili ayaelewe mafuvu ya kale, Leakey alihitaji kuwajua kwa karibu wanyama walio hai wa Afrika Mashariki, aina kwa aina.

Kituo hicho kilizaliwa wakati mbaya. Chanjo ya polio ilikuwa imeidhinishwa mwaka 1955, nayo ilikuzwa katika chembechembe za figo za kima. Kima wa India walinaswa kwa malaki na kusafirishwa Ulaya na Marekani wakiwa wameshindiliwa katika masanduku. Mwaka huo huo wa 1955 mamia yao walikufa kwa kukosa hewa walipokuwa wakipitishwa katika uwanja wa ndege wa London, na India ikasimamisha usafirishaji kwa muda. Ilipogunduliwa mwaka 1960 kwamba figo za kima hao zilikuwa na virusi visivyotarajiwa, watengenezaji waligeukia tumbili wa Afrika. Hapo ndipo wategaji walipozidi kumiminika huku kwetu. Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda waliofikishwa katika maabara za Ujerumani na Yugoslavia walibeba ugonjwa ambao haukuwa umejulikana. Watu 31 waliugua, 7 wakafa, na ugonjwa ukaitwa Marburg kwa jina la mji mmojawapo. Mnyama aliyenaswa kwa vurugu, akachanganywa na wagonjwa na wazima, akalazwa njaa na kiu katika sanduku, humrudishia binadamu kile binadamu alichomtendea. Watoto wetu walipona polio, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitalibeza kamwe. Ila gharama yake ililipwa na viumbe ambao hakuna aliyejisumbua kuuliza wanalalaje.

Huko Tigoni fedha zilikuwa haba, na Leakey alizunguka dunia nzima akihutubu ili apate za kuendeshea miradi yake, moyo wake ukiwa tayari umeanza kuchoka. Alifia London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Mwanawe Richard aliuleta mwili nyumbani, ukazikwa Limuru karibu na makaburi ya wazazi wake. Kituo cha Tigoni hakikufa naye. Kilikuwa cha kitaifa, kikahamia Karen kando ya msitu wa Oloolua, na leo ndicho taasisi ya utafiti wa nyani ya Kenya, ambayo imetumia nyani na tumbili katika utafiti wa magonjwa kama kichocho.

Hapa pana mkanganyiko ambao siwezi kuupita. Mtu aliyewatuma wengine kumtazama mnyama akiwa huru ndiye pia aliyeanzisha nyumba ya vizimba. Wapo wanaomwona kuwa mnafiki kwa sababu hiyo. Mimi naona vingine. Leakey alikuwa anashika ncha mbili za kamba moja, ingawa hakuishi hadi kuona zinapokutana. Maana wale aliowapeleka porini ndio waliotoa vipimo vya kumjengea mnyama aliye kizuizini. Kabla yao, fundi wa kizimba alipima urefu wa mwili wa mnyama akaongeza kidogo. Baada yao ilijulikana kwamba cha kupima ni maisha yake.

Nichukue tumbili wetu. Huko Amboseli, mtaalamu Thomas Struhsaker aliwachunguza tumbili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakachapisha mwaka 1980 habari zilizowashangaza wengi. Tumbili ana mlio mmoja wa kuwatahadharisha wenzake na chui, mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui hupanda mti. Wa tai, hutazama juu na kujitosa kichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Jike huishi katika kundi alimozaliwa maisha yake yote na kurithi cheo cha mama yake. Dume akipevuka hutoka akatafute kundi jingine. Mchana kutwa hutafuta chakula kidogo kidogo, na wakipumzika husafishana manyoya, na usiku hulala juu mitini. Haya basi, yule wa Mwiki anayapata wapi? Akipiga mlio wa tai, ni nani atakayetazama juu? Manyoya anayojinyonyoa ndiyo ambayo mwenzake angeyachambua.

Wala si lazima mnyama apigwe ili aharibike. Katika miaka ya 1950 na 1960, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwatenga watoto wa kima na mama zao, wengine katika upweke mtupu. Walilishwa wakashiba, wakakua, na wakawa vichaa: walijikumbatia, wakajiuma, wakayumbayumba, na majike walipozaa hawakujua kulea, wengine wakawadhuru watoto wao. Mateso yaliyotumika kulithibitisha jambo hilo bado yanawatia watu uchungu, na ni haki yao. Lakini baada ya ushahidi huo hapana anayeweza tena kudai kwamba shibe ni ustawi. Mwaka 1985 Marekani ilibadilisha sheria yake ikawataka wenye maabara washughulikie hali ya akili na moyo ya wanyama wa jamii hii, si miili yao tu.

Na mambo yanayotakiwa si ya anasa. La kwanza ni mwenza, kwa maana upweke ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote. Na mwenza huyo huletwa polepole, waonane kwanza kupitia wavu, wasije wakauana kama wale wa London. La pili ni kimo. Mnyama wa mitini anayewekwa usawa wa goti la binadamu huishi kwa hofu, hata kizimba kiwe kipana kama ukumbi. Apewe magogo, matawi na kamba za kupandia, na pembe ya kujifichia asipotaka kutazamwa na wenzake au na wageni. Chakula kisimiminwe katika sahani kikaliwa kwa dakika mbili. Kitawanywe katika nyasi kavu au maranda, apekue mahindi punje moja moja kama apekuavyo porini. Apate jua na kivuli achague mwenyewe. Na katika maabara, anaweza kufunzwa kunyoosha mkono kwa hiari akadungwa sindano na kutuzwa tunda, badala ya kubanwa ukutani na watu wanne. Maranda yapo kwa kila seremala wa Ruiru, na matawi yamejaa kando ya mto. Kinachokosekana ni mtu wa kufikiri.

Katika historia ya wale mabinti watatu wa Leakey mna kisa cha mwaka 1969 kinachoniuma. Huko Rwanda walinaswa watoto wawili wa gorila, ambao baadaye walipewa majina ya Coco na Pucker, kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Jamaa zao waliuawa wakijaribu kuwatetea. Watoto hao walipoletwa kwa Fossey walikuwa karibu kufa. Akakigeuza chumba kimoja cha kibanda chake kuwa msitu, akakijaza majani na matawi ya mlimani, akalala nao, akawalisha mimea ambayo alikuwa amewaona gorila wakiila. Wakapona. Hakuna daktari aliyekuwa na ujuzi huo. Ulitokana na kukaa na kutazama. Kisha wakachukuliwa wakapelekwa Cologne licha ya pingamizi zake, na wote wawili wakafa mwaka 1978, mmoja akimfuata mwenzake katika muda mfupi. Fossey mwenyewe aliuawa Desemba 1985.

Goodall alikuwa na maisha marefu zaidi. Mwaka 1987 aliingia katika maabara moja huko Maryland, Marekani, akakuta sokwe wachanga wamefungiwa mmoja mmoja katika masanduku ya chuma kwa ajili ya uchunguzi wa magonjwa. Tangu hapo alizidi kuzunguka dunia akiwatetea wa vizimbani, na mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba taasisi zake za afya hazitawatumia tena sokwe katika utafiti wa tiba. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, siku ile ile ya mwaka aliyofia Leakey miaka 53 kabla.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu pia, na wa kujivunia. Mwaka 1993, kwa mapatano ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na taasisi ya Goodall, yalifunguliwa makimbilio ya sokwe ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki, kuwapokea sokwe mayatima waliohamishwa kutoka Bujumbura kwa sababu ya vita vya Burundi. Kenya haina sokwe wa asili. Hawa ni wakimbizi kamili. Mmoja wao, Poco, alifika akiwa ameishi miaka tisa katika kizimba kilichoning'inizwa juu ya karakana ya magari ili kuvuta wateja. Kizimba kilikuwa chembamba mno hata hakuweza kufanya lolote isipokuwa kusimama wima. Aliletwa Nanyuki, akapewa wenzake, miti na nafasi pana, akazoea. Lakini mara kwa mara alikuwa akitembea kwa miguu miwili, wima kama mtu, na wageni wakamwona kuwa kioja cha kupendeza. Nimtajiapo mwenye mkahawa wa Mwiki kisa cha Poco, hunyamaza. Naona neno karakana humchoma.

Narudi kwa wale wasemao kwamba tuwatengenezee kwanza watu makao. Nami nataka watu wa Mwiki wapate nyumba za kuwastahi, na nimeliandika jambo hilo katika safu hii mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Lakini tumbili yule hakumnyang'anya mpangaji yeyote chumba. Kumwondoa hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya tangu zama za Uhuru. Wala nisieleweke kwamba mtu amfungulie mlango usiku amtupe katika vichaka vya mtoni. Tumbili aliyelelewa na chipsi hajui tai wala nyoka, na kundi geni laweza kumrarua. Ni kazi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kumchukua, kumpima magonjwa, na kumtafutia wenzake mahali panapofaa.

Kuhusu taasisi ya Karen, sina tuhuma ninayoileta. Nina maswali ya raia. Ni wanyama wangapi wanaoishi humo peke yao, na kwa sababu gani? Ni nani asiyeajiriwa na taasisi hiyo anayeingia kukagua bila kutoa taarifa? Matokeo ya ukaguzi huchapishwa wapi ili mlipa ushuru wa Ruiru naye ayasome? Nyumba iliyotokana na kazi ya Leakey ingepaswa kuwa ya kwanza barani kuyajibu maswali hayo hadharani, kabla ya kuulizwa na wageni kutoka ng'ambo.

Na kwa bunge la kaunti ya Kiambu nina ombi dogo zaidi, ambalo halihitaji hata mswada mrefu. Maofisa wa afya huikagua mikahawa yetu kila mwaka kabla leseni haijatolewa. Hutazama choo, maji, jiko na vyeti vya wapishi. Waongezewe mstari mmoja katika fomu yao, wa kuuliza kama pana mnyama wa porini aliyefungiwa hapo, na palipo na jibu la ndiyo leseni isigongwe muhuri hadi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liwe limefika.